Kaimati Moja na Usukani wa Mjomba

Nilipanda treni Tabora, nikasafiri mpaka Kigoma, nikashuka na miguu iliyoumuka kama maandazi, kwa shughuli moja tu: kwenda kukataa pilau.

Usinicheke, rafiki yangu. Wako wanaokwenda kwenye arobaini kumwombea marehemu, wako wanaokwenda kuonana na ndugu, na wako, tuseme ukweli, wanaokwenda kwa ajili ya nyama. Mimi nilikwenda ili sinia likinifikia niseme, kwa sauti ambayo hata wapishi kule uani wataisikia, "Ahsanteni, sili." Neno hilo nimelinoa miaka mingi kama watu wanavyonoa panga. Marehemu alikuwa jirani yetu pale Ujiji, ukuta kwa ukuta na nyumba ya bibi yangu, na niliposikia amefariki nilisikitika sana. Nilisikitika kwamba amekufa kabla sijalipiza.

Nikaingia, nikatoa pole, nikakaa mkekani pamoja na akina mama wengine. Kisha nikainua macho ukutani. Ulikuwapo. Usukani wa gari la mjomba wangu, umetundikwa kwenye msumari, umezungushiwa kitambaa cha kudarizi, na katikati yake imepachikwa picha ya jirani mwenyewe na kofia yake nyeupe, anatabasamu kama mtu aliyeshinda mashindano ya mbio.

Hapo hapo nikarudi kuwa na miaka tisa.

Nyumba ya bibi ilinukia mawese. Na nikisema ilinukia, usidhani harufu ya kupita mlangoni. Hata kwenye kuta ungeweza kuchovya muhogo. Bibi alikuwa mpika mawese. Tangu alfajiri chikichi zilikuwa zikitokota kwenye pipa, halafu sisi watoto tunazitwanga kinuni, twi, twi, twi, mpaka mikono inasahau ni ya nani, kisha mafuta yanakamuliwa, mekundu kama jua likizama upande wa Kongo. Nguo zangu zote zilikuwa na rangi moja. Hata daftari langu la hesabu lilikuwa limekaangwa. Mwalimu alikuwa akilishika kwa ncha za vidole viwili na kusema, "Wewe mtoto, kazi yako haisahihishwi, inaliwa."

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Maboti yalikuwa yakija kutoka ng'ambo yamejaa watu, na kila mtu amebeba kile kitu kimoja ambacho moyo wake umekataa kukiacha. Huyu cherehani, yule mbuzi. Mmoja alishuka na mlango wa nyumba yake. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni, huko ukubwani niliposomea kidato cha nne nikiwa na mtoto mgongoni, alinikatia mstari mwekundu hapo kwenye insha yangu akaandika "Unatia chumvi." Sawa, natia chumvi mahali pengi, lakini mlango ule niliuona, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwa mwenyewe.

Mjomba wangu alibeba gari.

Alikuwa mtoto wa kiume wa bibi, alivuka ziwa ujanani kwenda kutafuta kazi Uvira, akawa fundi wa kunyoosha bodi. Siku ile boti la mizigo lilipokaribia ufuko, tuliona kitu kimelazwa juu ya magogo, kimefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Gari dogo la mbio, la watu wawili tu, halina paa, pua ndefu, mgongo umebonyea, rangi ya bluu kama ziwa lilivyo saa nne asubuhi. Watoto wa Ujiji nzima tulijaa. Wazee waliokuwa hawajatoka nje tangu uhuru walitoka.

Gari lile bosi wake wa kizungu alimwachia alipoondoka, likiwa mzoga ndani ya banda, viti vimeliwa na mchwa. Mjomba alikaa nalo miaka saba. Alilinyoosha, akalipiga msasa, akatafuta kila kipande chake cha asili mpaka miji ya mbali. Kipande kisicho chake alikikataa hata kama kinaingia vizuri. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo. "Mama," alimwambia bibi, "hii gari haitaki kuazima. Ukiipa kitu ya mwingine, na yenyewe inakuwa mwingine."

Lakini mkimbizi alitakiwa kwenda kambini, na kwa serikali mjomba alikuwa ameshakuwa mtu wa ng'ambo, na kambini hawakupokea magari ya mbio. Uani kwa bibi hapakuwa na ua wala geti. Jirani alikuwa na ua wa tofali na geti la bati. Akaja mwenyewe, taratibu, na tasbihi mkononi.

"Niachie mimi, mwanangu," alisema. "Ni amana. Nitaitazama kuliko ninavyoyatazama macho yangu."

Mjomba akambusu mkono. Nikikumbuka busu lile, rafiki yangu, meno yananiuma mpaka leo.

Siku za mwanzo jirani alituacha watoto tuingie kulitazama gari. Wengine walitazama wakachoka. Mimi nilikata vijiti vya makuti ya mchikichi, nikatengeneza gari lile lile, dogo la kukaa mapajani: viti viwili, taa mbili za mbele zilizotokeza kama macho ya chura, kioo kimoja cha pembeni, vifuniko vinne vya magurudumu nilivyokata kwenye kopo la maziwa, usukani wenye mikono mitatu. Hata mbonyeo mdogo wa ubavuni, ambao kreti la soda liliufanya botini, niliubonyeza. Bibi alilipenda, akaliweka juu ya kabati. Wala hatukujua kwamba pale juu ya kabati tumeweka shahidi.

Ikapita masika, kikapita kiangazi. Siku moja mjomba akapata kibali cha kutoka kambini. Alipofika hakunywa hata maji, akaenda moja kwa moja kwa jirani, mimi na bibi nyuma yake. Geti likafunguliwa. Ndani ya gari kulikuwa na kuku. Kuku sita na jogoo, wametandikiwa majani mahali palipokuwa na viti. Boneti hakuna, taa hakuna, usukani hakuna. Mashimo matupu kama uso wa mtu aliyeng'olewa meno.

"Shikamoo mzee," mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa ya adabu, ila shingo ilikuwa inacheza. "Gari yangu iko wapi?"

"Marahaba. Si hilo hapo?"

"Viti yake?"

"Viti gani?"

"Taa? Honi? Usukani?"

"Mwanangu, umetoka vitani, na vita vinachanganya akili. Lilikuja hivyo hivyo. Mimi nimelihifadhi, tena nimeliwekea na kuku lisione upweke." Kisha akasogea, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa chini pale usawa wa kiuno na nikasikia. "Na karatasi zake unazo? Maana nasikia ng'ambo kuna watu waliondoka na mali za wenyewe. Tusije tukasumbuana na wakubwa, ukarudishwa."

Mtu mwenye kibali cha wiki moja mfukoni atajibu nini? "Ahsante kwa kuitunza, mzee," mjomba akasema. Tukalisukuma gari mpaka uani kwetu, watu sita, na kuku wa jirani wakitufuata.

Bibi hakulia wala hakutukana. Alishusha gari langu la vijiti, akaliweka mezani, akalitazama kipande kwa kipande. "Litarudi lilivyokuwa," alisema. "Mpaka parafujo. Yeye amesema lilikuja hivyo. Mimi nitamwonyesha lilivyokuja, na Ujiji nzima itakuwa inatazama."

Kipande cha kwanza kilikokwenda tulikujua kwa masikio. Tulikuwa Bangwe kununua samaki, bibi, mjomba na mimi, na boti la abiria la kwenda Mwamgongo likawa linaita watu. Likapiga honi. Haikuwa honi ya boti. Ilikuwa sauti mbili kwa pamoja, nyembamba na nene, kama mume na mke wanaoitikia hodi. Mjomba aliangusha samaki mchangani.

"Mama," alisema, "ile ni yangu. Ile inaniita mimi."

Tukauliza polepole, na habari ikatoka yote. Jirani hakuuza hata kimoja. Alikigawa kila kipande, zawadi! Honi kwa mwenye boti, ili akipanda asifiwe. Viti kwa kinyozi wa Mwandiga. Taa kwa mtu wa Kibirizi aliyezifunga mlangoni kwake kama mapambo. Kioo kwa msusi, boneti kwa mama mmoja aliyekuwa akianikia dagaa. Rafiki yangu, kuna watu wanapenda sukari, kuna wanaopenda tumbaku. Jirani yetu alipenda kuambiwa ahsante. Alikuwa mkarimu kama mvua, kwa mali ya mtu mwingine. Vifuniko vinne vya magurudumu na ule usukani tu ndivyo alivyojiwekea mwenyewe.

Ndipo bibi akapata ladha ya kisasi chake. Hakutaka gari peke yake. Alitaka kila mtu aliyempa yule bwana ahsante aende akaichukue tena.

Na silaha yake ilikuwa tumbo lake. Wewe unatujua watu wa huku: mgeni akikanyaga uani kwako lazima ale, na mgeni mwenye mvi akikataa chakula chako, umekwisha. Majirani watauliza umemfanya nini. Bibi alikuwa na sheria zake, akanifundisha njiani. Ukiwa na dai kwa mtu, usile kwake hata punje. Kitu kikirudi, hapo unakula mpaka sahani ing'ae, na neno lile halisemwi tena milele. Lakini ukila kabla, basi. "Tumbo likishapokea," alisema, "mdomo hauna mashtaka." Mimi alinichukua kwa kuwa ndiye niliyejua kila kipande, na gari langu la vijiti lilikuwa ndani ya kikapu, limefunikwa na kanga.

Tulianza Bangwe. Mwenye boti alikuwa mtu mnene, mcheshi, Muha wa Mwamgongo. "Mwakeye, Bibi! Karibu, karibu!" Mkewe akaleta migebuka iliyoungwa kwa mawese na ugali wa muhogo unaofuka moshi. Bibi akakaa, akakunja mikono.

"Bibi, kula."

"Sili."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina njaa, tena njaa mbaya."

"Sasa?"

"Honi yako inaita watu. Leo imeniita mimi."

Akatoa lile gari la vijiti, akaeleza, bila kupandisha sauti. Mwenye boti alicheka kwanza. Akala tonge moja, akaona bibi anamtazama kinywa, akaacha. Mkewe akasimama mlangoni. Wapita njia wakaanza kusimama. Migebuka ikapoa, mafuta yakaganda pembeni ya sahani, na mimi mate yalinijaa mdomoni hata boti lingeelea. Mwishowe yule bwana akanyanyuka, akaenda kuifungua honi kwa spana yake mwenyewe.

"Chukua, Bibi. Na ole wake aliyenipa! Juzi tu nimemsafirisha na mizigo yake nikamwita baba!"

"Leta maji tunawe," bibi akasema. Akala samaki watatu.

Kinyozi wa Mwandiga alikuwa mgumu zaidi. Viti vile vilikuwa fahari ya kibanda chake. Mtu alikuwa akitoka vijijini kunyolewa si kwa sababu nywele zimekua, bali akalie ngozi. "Bibi, wateja wangu watakaa wapi? Juu ya kichwa changu?" Tulikwenda siku nne mfululizo. Siku ya nne wateja wenyewe waligoma: hawawezi kunyolewa huku mama mzima anakufa njaa mlangoni. Bibi alimpelekea mabenchi mawili ya mninga, tukabeba viti kichwani mpaka Ujiji, mimi kimoja, na bibi kimoja, akiimba.

Hivyo ndivyo vilivyorudi, kipande kwa kipande, na kila aliyerudisha kipande akamkunjia uso jirani yetu. Barazani kwake watu walipungua. Kahawa yake ilianza kupoa kwenye birika. Mimi nilikuwa nikichungulia juu ya ukuta nione anavyokaa peke yake na tasbihi yake, na nakuambia bila aibu, nilifurahi mpaka nikashindwa kulala.

Na uani kwetu mjomba, kila alipopata kibali, alikuwa kazini. Nati zilizoshikwa na kutu alizilaza ndani ya mawese ya bibi siku tatu, zikafunguka kama zimebembelezwa. Krr, krr, krr ya msasa ilichanganyika na twi, twi ya vinu. Alipiga bati kwa nyundo ya mbao, pole pole, akiweka sikio kama daktari. Ule mbonyeo wa kreti la soda nilimkumbusha aunyooshe, akakataa. "Ule uache, mutoto. Aliupata njiani akija kwa mama. Ni yake."

Kuku wa jirani hawakukubali kuhama. Kila asubuhi waliruka ukuta kuja kutaga ndani ya gari. Kila asubuhi bibi aliokota mayai, akayaweka kwenye kawa, akatoka hadi getini kwa jirani na kutangaza kwa sauti ya mwadhini, "Jirani! Mali yako hii! Imekuja kwangu kamili na inarudi kamili!" Mtaa mzima ulisikia. Sisi tulikuwa tunakula muhogo mkavu, na mayai yale yalikuwa ya moto mkononi. Hatukula hata moja.

Vikabaki vifuniko vinne na usukani. Bibi alisubiri Idd.

Idd, jirani alikuwa akifungua geti kwa kila mtu, na siku ile wakaja wengi, maana sikukuu haina ugomvi. Bibi alivaa kanga mpya, akaingia, akatoa mkono wa Idd kwa kila mtu, akakaa katikati ya sebule, chini kabisa ya ule usukani wenye picha. Mimi kando yake, kikapu mapajani. Wakaja wasichana wa nyumba ile na kaimati, zimepangwa, rafiki yangu, kwenye vifuniko vya magurudumu ya mjomba wangu! Vinang'aa kuliko vilivyokuwa gari lilipofika.

"Karibu, jirani yangu," mwenye nyumba akasema. "Sikukuu leo."

"Sikukuu njema. Sili."

Sebule ikanyamaza. Aliyekuwa amepeleka tonge mdomoni alilirudisha. Mmoja akaweka kikombe chini, wa pili akaweka, na mara watu wote arobaini wamekunja mikono kama bibi. Nje watoto wanapiga baragumu za majani ya mpapai, ndani nzi wanasikika. Jirani alicheka, akakohoa, akafuta shingo. Kisha akamwambia binti yake, "Mwaga hizo kaimati kwenye sinia. Osha hivyo vitu. Mpe bibi yenu."

Vikaletwa, vinatiririka maji. Vinne. Bibi akavipanga kwenye kikapu, akakunja mikono tena, akainua kidevu kidogo tu kuelekea ukutani.

Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko masika. Jirani alimtazama bibi, akatazama watu. Akasimama. Akaburuta kiti mpaka ukutani, akapanda. Nakuapia alikuwa ameshaweka mikono yote miwili kwenye usukani, kidole gumba kiko kwenye kitambaa.

Na mimi nikala kaimati.

Sijui nikuelezeje. Sinia lilikuwa limewekwa pale karibu na goti langu, na moja ilikuwa imejiviringisha pembeni, ya kahawia, shira inashuka juu yake polepole na harufu ya iliki. Macho ya watu wote yalikuwa ukutani. Miezi yote ile ya kukataa migebuka, kukataa mayai, kukataa wali wa kinyozi, ilinijia mkononi kwa pamoja. Niliiweka mdomoni nzima. Na ikapasuka, kwaa, kwenye ule ukimya.

Jirani akageuka pale juu ya kiti. Akaona shavu langu. Uso wake ukachanua kama ua.

"Ahaa! Jirani, mjukuu wako amekula! Mbele ya watu amekula kwangu! Tumbo likishapokea, si ndivyo unavyosema?"

Akashuka. Watu walitazama chini. Mtu mmoja akachukua kaimati, wa pili akachukua, na kelele za Idd zikarudi. Bibi alisimama, akanishika mkono, akaaga kwa adabu zote. Tukatembea hatua zetu ishirini mpaka nyumbani. Mlangoni akaniinamia.

"Ilikuwa tamu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ikumbuke."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga kwa mchi.

Mjomba alimaliza gari bila usukani wake. Habari zikaja kwamba ng'ambo kumetulia kidogo, naye hakuweza kungoja. Akafunga usukani wa lori, mkubwa kama ungo, magoti yake yakawa yanaugusa. Asubuhi aliyoondoka alilitoa gari uani, bluu, taa zinameta, na akapita mbele ya nyumba ya jirani mara saba, honi yake ya sauti mbili ikilia, bibi kwenye kiti cha pembeni amevaa kanga ya Idd, ameshika kioo cha mbele kama malkia. Mtaa wote ulipiga vigelegele. Kinyozi alikuja kutoka Mwandiga kuona viti vyake. Ile ndiyo ilikuwa siku yetu.

Jirani alitoka barazani, akaegemea nguzo, akatazama mpaka duru ya saba. "Gari zuri," alisema, kwa upole. "Usukani tu si wake."

Nilimwona mjomba alivyosikia. Mikono yake ilishuka kidogo kwenye ule ungo wa lori. Alifika ufukoni, wakalipandisha botini juu ya magogo yale yale, akanishika kichwa. "Usilie, mutoto. Nitarudi kuchukua usukani." Zilikuja barua mbili. Halafu ukimya, na ng'ambo kukawaka moto tena. Bibi alikuwa akienda Bangwe kila boti la Kongo lilipotia nanga, amebeba kikapu kama anakwenda kununua samaki. Alikwenda mpaka magoti yakakataa, kisha akafa.

Sasa unaelewa kwa nini nilipanda treni. Sikumrudishia bibi usukani. Niliumeza pamoja na shira. Nilitaka angalau nikalie mkeka ule ule, tumbo tupu, niwaharibie shughuli yao.

Sinia likaletwa. Aliyelileta alikuwa binti wa marehemu, yule yule aliyeosha vifuniko, rika langu, sasa mama mnene mwenye miwani.

"Karibu, dada yangu."

"Ahsante," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kama nilivyoipanga. "Sili."

Wanawake wakageuka. Nilingoja anibembeleze; nilikuwa nimeandaa majibu matatu. Hakunibembeleza. Alivuta kiti, akapanda, akaushusha usukani. Akavua kitambaa, akaitoa picha ya baba yake, akaifuta kwa kanga na kuiweka dirishani. Ukutani ikabaki duara nyeupe. Kisha akaja akauweka mapajani mwangu. Mikono mitatu, kama nilivyoukumbuka. Ulikuwa mwepesi! Miaka yote hii nilidhani ni mzito.

"Baba aliusia mengi, mengine tumeshasahau," alisema. "Hili alilirudia. Alisema, 'Yule mla kaimati atakuja tu. Akila, msimpe kitu. Akikataa, mpeni usukani wao.'"

"Hakusema samahani?"

"Hakusema."

Nikakaa na ule mduara mapajani. Uani kwa bibi, ng'ambo ya ukuta, hakuna tena mapipa wala vinu. Pamejengwa vyumba vya kupanga, vya bati jipya. Bangwe maboti yanapiga honi za madukani, zote sauti moja. Gari sijui liko wapi, na mjomba ninaogopa kujua. Katika vitu vyote vya miaka ile, kimoja tu nilikuwa nimekitunza kama kilivyokuwa, mpaka parafujo, nacho ni kisasi changu. Na sasa mzee yule amenizunguka akiwa kaburini na kunichukulia hata hicho, maana sheria ni ya bibi, wala si yangu kuivunja mara ya pili. Kitu kikirudi, unakula.

Nikaomba maji, nikanawa. Nikala na usukani mapajani, tonge kwa tonge, watu wakinitazama, mpaka sahani ikang'aa. Na pilau ile, laana iishukie, ilikuwa tamu.